Kaa na L Iliyodondoka

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akifika Goma au Lubumbashi kwa mara ya kwanza, ataona magunia yamepangwa kando ya barabara, na akiuliza ni nini ataambiwa ni makala. Lazima atashangaa kidogo. Kwao makala ni maandishi ya gazetini au ya jaridani, kama haya anayoyasoma msomaji sasa hivi, neno lililotoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusema. Muuzaji wa Goma hana habari na maandishi. Anauza kitu ambacho Mtanzania hukiita mkaa na Mkenya hukiita makaa.

Mtu wa pwani anaweza kudhani Wakongo wameliharibu neno. Ukweli uko upande wa pili. Kilingala na Kikongo, lugha kubwa za Kongo, husema makala. Wamalawi nao, katika Kichewa, husema makala. Wakikuyu husema makara. Wanyarwanda na Warundi husema amakara. Kutoka mdomo wa Mto Kongo hadi Ziwa Nyasa, watu wanapotaja kipande cheusi cha kuni iliyoungua, ndimi zao hugusa ufizi katikati ya neno na kutoa l au r. Ni Mswahili wa pwani aliyeiacha sauti hiyo ikadondoka. Alipoiacha, makala yakawa makaa, na kipande kimoja kikabaki kaa.

Kama mambo yangeishia hapo, kaa lingekuwa neno fupi tu miongoni mwa maneno mafupi. Lakini kulikuwa na maneno mengine mawili yenye sauti hizohizo, nayo yakapoteza l hiyohiyo. Moja lilikuwa jina la mnyama mwenye magando anayetembea upande upande. Jingine lilikuwa kitenzi cha kuishi mahali. Ndiyo sababu leo mtoto wa shule anaweza kuandika sentensi hii na mwalimu asiikate: Kaa amekaa juu ya kaa.

Watoto wa Kenya hufundishwa maneno ya namna hii kwa jina la vitawe. Upande wa Tanzania hufundishwa katika somo la utata, au kama maneno yenye maana zaidi ya moja. Orodha yenyewe inajulikana kuanzia Mombasa hadi Mbeya: kaa, paa, panda, mbuzi, ota, vua. Wanafunzi huikariri, hutunga sentensi, hupata alama, basi. Inasikitisha kwamba mara nyingi hawaambiwi sababu. Wanaachwa wadhani kuwa lugha yao ilipungukiwa maneno ikalazimika kutumia moja kwa kazi tatu, au kwamba wazee waliamua tu hivyo. Sababu ipo, inajulikana, na ni ya kupendeza kuliko orodha.

Kamusi yenyewe inaanza kuieleza. Mtu akifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, atakuta kaa limegawanywa katika vidahizo tofauti, kila kimoja na namba yake. Watunzi wa kamusi hawatoi namba hizo ovyo. Maana mbili zikiwa zimechipuka kutoka shina moja, huwekwa chini ya kidahizo kimoja. Hiyo ndiyo hali ambayo wanaisimu huiita polisemia. Maneno yakiwa na asili tofauti na kufanana kwa sauti tu, kila moja hupewa nafasi yake. Hiyo ni homonimia. Kaa la motoni, kaa wa baharini na kukaa ni maneno matatu ya asili tatu.

Ya kwanza ni ya jikoni. Kaa ni kipande cha kuni kilichoungua, chekundu kikiwa na moto, cheusi kikizimika. Wapishi wa pwani wanalijua kwa karibu sana. Mkate wa kumimina hupikwa kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko, mpaka uso wake ugeuke rangi ya dhahabu. Wali nao ukishakauka maji hupaliwa makaa juu ya mfuniko ili uive kote. Na jioni ya harusi, kaa moja tu la moto, lililochaguliwa lisilo na moshi, huwekwa ndani ya chetezo, kisha hutiwa udi juu yake na nyumba nzima ikanukia. Kaa hapo ni hili, yakiwa mengi ni haya. Kutoka hapo likatoka mkaa, ule wa kuchomwa porini na kuuzwa kwa gunia, ambao Tanzania umeingia katika ngeli ya mti na mto: mkaa huu umelowa. Kenya wengi hubaki na makaa hata kwa bidhaa ya dukani. Na yale yanayochimbwa ardhini, huko Kiwira au Ngaka kusini mwa Tanzania, ni makaa ya mawe pande zote mbili za mpaka.

Ya pili ni ya mikokoni. Maji yakipwa, mvuvi wa kaa huingia matopeni akiwa na fimbo yenye kulabu nchani, akaitumbukiza kwenye shimo na kupapasa taratibu mpaka ahisi kitu kigumu kinasukuma. Kaa mkubwa wa mikokoni anaweza kupita kilo 2, na gando lake linavunja kidole. Kwa hiyo kitu cha kwanza baada ya kumtoa ni kumfunga magando kwa kamba. Katika Hori ya Mida karibu na Watamu, na pia Tanga na Pemba, watu hufuga kaa kwa kuwanenepesha: kaa aliyetoka kujivua gamba huwa hana nyama, hivyo huwekwa kizimbani na kulishwa kwa wiki kadhaa mpaka ajae. Watu wa pwani wana methali juu yake, kwamba kaa akiinua gando mambo yamekatika. Anayeijua tabia ya kaa anaelewa mara moja: mnyama huyu akishainua gando hana tena nia ya kukimbia.

Kikongo humwita kaa nkala. Kizulu, maelfu ya kilomita kusini, humwita inkalankala. L ipo kote kuwili.

Kuna jambo la pembeni hapa ambalo halifai kuachwa. Kaa wa Kibantu si kaa pekee aliyeingia katika Kiswahili. Waganga wa Kigiriki wa kale, akiwamo Hippocrates aliyeishi takriban miaka 2,400 iliyopita, waliuita uvimbe fulani kwa jina la kaa katika lugha yao. Galen, daktari wa karne ya 2, aliandika kwamba uvimbe wa titi, na mishipa iliyotuna pande zake, ulifanana na mnyama huyo na miguu yake. Warumi wakatafsiri jina hilo kwa neno lao la kaa, ambalo ni cancer. Waarabu wakatumia lao, saratan. Neno la Kiarabu likafika pwani likawa saratani. La Kilatini likapitia Kiingereza na kuwa kansa. Kwa hiyo mgonjwa anayeelekea Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, amebeba cheti chenye jina la kaa, sema la kaa aliyezaliwa katika lugha nyingine. Wanajimu nao humtumia: nyota ambayo magazeti huiita Kaa, wazee wenye elimu ya falaki huiita Saratani.

Ya tatu, kitenzi, ndiyo tajiri kuliko zote. Wageni wanaojifunza Kiswahili huambiwa kwamba kukaa ni kuweka matako kwenye kiti. Si kosa, ila si asili. Asili yake ni kuwapo mahali na kudumu hapo. Ushahidi uko katika ukarimu wa pwani: mgeni akiingia huambiwa kaa kitako. Kama kaa peke yake lingetosha kumaanisha kuketi, kitako kingekuwa cha nini? Kiliongezwa kwa sababu kaa tupu ni kubaki, ni kuwapo. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na wala hakuna anayemtaka awe kitini muda wote huo. Mtu anakaa Mbagala hata saa hii akiwa amesimama kwenye daladala. Katika Kikongo kala humaanisha kuwa au kuishi. Kikamba kina kwikala, Kikuyu kina gũikara, zote zikiwa na maana ya kuketi na ya kuishi kwa pamoja.

Kutoka kudumu mahali, maana zikaanza kuchipuka. Mtu anakaa kimya, anakaa macho, anakaa tayari. Hapo kaa ni kuwa katika hali fulani. Chakula kikikaa sana huchacha. Hapo ni muda. Fundi akimaliza gauni na mteja akajitazama kwenye kioo, wenzake humwambia limemkaa. Hapo ni kuenea mwilini vizuri. Bara, mtu huuliza jambo hili limekaaje, yaani limepangika vipi, lina sura gani. Nairobi wamekwenda hatua moja zaidi. Huko unakaa mgonjwa ni kusema unaonekana mgonjwa, na anakaa babake ni kusema anafanana na baba yake. Mtu wa Tanga akisikia sentensi ya kwanza anaweza kujibu kwamba hana mgonjwa nyumbani. Hizi zote ni maana za neno moja, na njia kutoka maana moja hadi nyingine inaonekana bila kupekua kamusi.

Sasa turudi kwenye l. Wanaisimu wanajuaje kwamba ilikuwapo? Kazi hiyo ilianza zamani. Mjerumani Carl Meinhof alichapisha mwaka 1899 kitabu cha sauti za lugha za Kibantu, akionyesha kwamba tofauti baina ya lugha hizi zina utaratibu. Mwingereza Malcolm Guthrie akafuata na juzuu 4 zilizotoka kati ya 1967 na 1971. Njia yao inaeleweka na kila mtu. Lugha za Kibantu, ambazo ni zaidi ya 400, zimetokana na lugha moja iliyosemwa karibu na mpaka wa leo wa Kameruni na Nigeria miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Ukiyapanga maneno ya binamu hawa sambamba, utaona ni nani aliyebadili nini. Njaa ni njala kwa Kichewa, enjala kwa Kiganda, inzara kwa Kinyarwanda, indlala kwa Kizulu. Mvua ni mvula kwa Kichewa, imvura kwa Kinyarwanda, imvula kwa Kizulu. Kuzaa ni okuzaala kwa Kiganda. Palipo na irabu mbili zinazofuatana katika Kiswahili, majirani mara kwa mara wana l au r katikati. Haiwezekani lugha zote hizo, kutoka Kampala hadi Durban, ziwe zimechomeka sauti moja mahali pamoja bila kuambizana. Ni rahisi kuamini kwamba Kiswahili ndicho kilichoiacha.

Orodha ile ya shuleni ina shahidi mwingine mzuri: paa. Ni mnyama mdogo wa msituni, jamii ya swala. Msitu wa Jozani kisiwani Unguja unao, akiwamo paa nunga ambaye ni adimu sana duniani. Mrudishie l yake naye atakuwa pala. Kizulu kina impala, neno lililochukuliwa na Wazungu na sasa limo katika vitabu vyote vya wanyama duniani. Kiganda kina empala, na kutokana na kilima walichokuwa wakilishia wanyama hao ukapatikana mji wa Kampala. Na Mswahili mwenyewe, anapofika Mikumi au Tsavo na kumwona mnyama huyo akiruka, humwita swala pala, l ikiwa mahali pake. Paa, impala na Kampala ni ukoo mmoja.

Hata hivyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote hauhitaji safari ya Durban wala Kampala. Uko kinywani mwa kila Mswahili, na hutamkwa kila siku. Mtu akikaa juu ya mkeka, ameufanyaje? Ameukalia. L imetoka wapi? Hakuna aliyeiweka. Anayezaa mtoto akiwa hospitalini amezalia hospitalini. Anayevaa suti kwa ajili ya harusi ameivalia harusi. Anayenunua kwa ajili ya mwenzake amemnunulia. Mtoto wa miaka minne, ambaye hajasikia jina la Meinhof na pengine hatalisikia, huirudisha l bila kukosea. Sauti hii ilidondoka ilipofuatwa na a au o, lakini ilipofuatwa na i ya kutendea ilishikilia. Ndiyo maana tuna kikao kisicho na l, na kikalio chenye l, vyote kutoka kitenzi kimoja.

Pia iko mahali pengine imejificha kwa sura nyingine. Anayekaa mahali ni mkazi, na mahali pake ni makazi. Anayezaa ni mzazi. Vinavyovaliwa ni mavazi. Hiyo z ni l iliyobadilika. Lugha ya mababu ilikuwa na irabu 7, na kati yake mlikuwa na aina mbili za i. Ile ya kutendea iliiacha l salama, tukapata kalia. Ile ya kuundia majina ya watendaji ilitamkwa kwa kubana zaidi, ikaigeuza l kuwa z, tukapata mkazi. Kiswahili cha leo kina i moja tu, irabu 5 kwa jumla, lakini alama za i ya pili zimebaki katika maneno haya kama yalivyo. Zanzibar, kitambulisho huandikwa Mzanzibari Mkaazi, kwa a mbili, kana kwamba mwandishi alitaka kitenzi chenyewe kionekane ndani ya jina. Namna zote mbili zinaeleweka, ila ile ya bara ndiyo iliyofuata utaratibu wa zamani.

Hata katika kaa lenyewe, pengo linasikika kwa anayetega sikio. Neno hili si silabi moja iliyovutwa. Ni silabi mbili, ka na a, na mkazo huangukia ya kwanza kama inavyotakiwa kwa silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi zilikuwa mbili enzi za kala, na zimebaki mbili. Kilichoondoka ni ule mguso mwepesi wa ulimi kwenye ufizi.

Swali la msikilizaji ni jingine: maneno matatu yakifanana hivi, watu hawachanganyikiwi? Hawachanganyikiwi, na sababu ni ngeli. Kaa huyu hawezi kuwa makaa. Kaa hili haliwezi kuwa na magando. Kitenzi nacho hutembea na viambishi vyake, amekaa, tutakaa, wasikae, hata hakuna wa kukidhania jina. Lugha nyingi za Kibantu hutumia pia toni, sauti ya juu na ya chini, kutenganisha maneno. Kiswahili kiliacha toni hizo, kikabaki kutegemea upatanisho wa kisarufi, ambao kwa kazi hii unatosha kabisa. Anayedhani ngeli ni mzigo tu wa darasani ajaribu kuisema ile sentensi ya kaa watatu katika lugha isiyo nazo.

Wakati kamusi zinahesabu kaa watatu, Nairobi kuna wa nne anayekua. Kwenye matatu, kwenye simu, katika vipindi vya redio vya vijana, kama hutamkwa kaa: Kaa hutaki kukaa hapa, enda. Kaa la kwanza katika sentensi hiyo ni kama. La pili ni kile kitenzi cha zamani. Utaratibu uliofanya kazi hapo ni uleule, konsonanti iliyo kati ya a mbili imelegea, ikadondoka, na irabu zote mbili zikabaki mahali pake. Safari hii ni m badala ya l, na tofauti nyingine ni kwamba jambo linatokea sasa, mbele ya masikio ya watu walio hai, na umbo refu bado linatumika karibu na lile fupi, hata na msemaji mmoja katika mazungumzo yaleyale. Walimu wanalipiga vita, na mwanafunzi akiliandika katika insha hukatwa alama. Nje ya darasa, mwalimu huyohuyo akimpigia dada yake simu, huuliza kaa amefika.